Tume ya Ugavi wa Mapato isiishie kwenye fomula

Kila Seneti inapojadili fomula ya kugawia kaunti pesa, Wakenya hutega sikio: nani kaongezewa, nani kapunguziwa. Mwaka 2020 mvutano ulidumu miezi hadi Septemba, ukatulizwa na ahadi kwamba mgao wa kaunti zote kwa jumla ungepanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Lakini Kifungu cha 216 cha Katiba kinaitaka Tume ya Ugavi wa Mapato, ambayo ndiyo hupendekeza fomula hiyo, ipendekeze pia namna ya kuimarisha vyanzo vya mapato. Kazi hii ya pili ndiyo tunayoihitaji zaidi, nayo haipati hata robo ya kelele hizo.

Chukua kodi ya ardhi. Kaunti huchukua thamani ya kiwanja iliyo kwenye daftari la uthamini, ikaizidisha kwa kiwango ilichoweka. Kiwanja kilichoandikwa shilingi 800,000, kwa kiwango cha asilimia 1, hulipiwa 8,000 kwa mwaka. Bei sokoni ikifika milioni 8 na daftari halijaguswa, mwenyewe analipa 8,000 zile zile. Nairobi ilitegemea daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miongo minne, na ili kuziba pengo, kiwango kikapandishwa hadi asilimia 34 ya thamani hiyo kuukuu. Anayeumia hapo ni yule ambaye jina lake limo daftarini. Viwanja vilivyokatwa baadaye na kutoandikishwa havilipi chochote. Daftari jipya linataka wathamini, ramani, hati zilizosahihishwa, kisha muda wa wenye mali kuwasilisha pingamizi. Gavana hugharamika leo, mavuno akayakuta mrithi wake. Ndiyo maana tume, isiyopigiwa kura, inafaa kulisukuma jambo hili kila mwaka.

Sesi, yaani ushuru ambao kaunti hutoza mazao yanayosafirishwa, nayo ni kidonda. Kifungu cha 209 kinakataza kodi za kaunti kuhujumu biashara inayovuka mipaka na usafirishaji wa bidhaa. Hata hivyo, lori la viazi linalotoka Nyandarua kwenda Mombasa likilipishwa kwenye kila kizuizi, mchuuzi hatoi pesa hizo mfukoni mwake. Huzikata kwenye bei ya gunia shambani. Risiti moja ya kaunti yalikotoka mazao ingetosha, mradi kaunti zote ziitambue.

Halafu kuna motisha. Fomula ya 2017 ilitenga asilimia 2 ya mgao kwa juhudi za kaunti za kukusanya mapato. Ile ya 2020 ikakifuta kigezo hicho. Mimi ningekirudisha, kwa asilimia 5. Ila kipimo kisiwe makusanyo ya mwaka uliopita, maana kaunti inaweza kulegea mwaka mmoja ili mwaka unaofuata ionekane imejitahidi. Kiwe ni kiasi kilichokusanywa kikilinganishwa na kile ambacho kaunti yenyewe ingeweza kupata, ili Lamu ipimwe kwa uwezo wa Lamu, si kwa majumba ya Nairobi.