Maumivu ya Mawazo Nayo Ni Maumivu

Mtu anakwenda hospitali akilalamika mwili mzima unauma. Anapimwa damu, mkojo na moyo, majibu yanarudi safi. Daktari anavua miwani na kumwambia: "Huna ugonjwa, ni mawazo tu." Mgonjwa anatoka na maumivu yaleyale aliyoingia nayo, na juu yake kaongezewa aibu. Kisa cha kuandika haya ni hilo neno "tu".

Wanaolitumia wana hoja, tena si ya kubezwa. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Copenhagen, Asbjørn Hróbjartsson na Peter Gøtzsche, walikusanya majaribio zaidi ya 100 ambamo baadhi ya wagonjwa walipewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, na wengine hawakupewa chochote. Kwenye mambo yanayopimika kwa vyombo, plasebo haikuonyesha nguvu ya maana. Iliambulia nafuu ndogo kwenye maumivu, basi. Isitoshe, maradhi mengi huisha yenyewe, na watu hutafuta tiba pale hali inapokuwa mbaya kabisa. Ikishatulia, sifa zote huenda kwa kitu cha mwisho kumezwa.

Mpaka hapo niko nao. Tunaachana tunapofika kwenye jaribio moja la Imperial College, London, lililochapishwa mwaka 2020.

Statini ni dawa za kupunguza lehemu kwenye damu, na wengi huziacha wakisema misuli inauma au nguvu zimewaishia. Watafiti walichukua watu 60 walioziacha kwa malalamiko hayohayo. Kila mmoja akapewa chupa 12, kila chupa na mwezi wake: nne zina statini, nne zina plasebo inayofanana nayo, nne hazina kitu ndani. Mpangilio ulichanganywa, hivyo mwezi wenye vidonge hakuna aliyejua anameza kipi. Kila siku mtu alishika simu yake akaandika anavyojisikia, kuanzia 0 mpaka 100.

Miezi ya chupa zisizo na kitu, wastani wa alama za usumbufu ulikuwa 8. Miezi ya statini, 16.3. Mwenye haraka ataishia hapo aseme dawa imezidisha mateso maradufu. Lakini miezi ya plasebo ilikuwa 15.4. Toa mwenyewe: katika alama 8.3 ambazo dawa ilionekana kuziongeza, 7.4 zililetwa pia na kidonge kisicho na dawa. Watafiti waliiweka kuwa asilimia 90.

Tarakimu inayonikaa kichwani hasa ni nyingine. Mara 71 washiriki walishindwa kumaliza chupa ya mwezi kwa sababu hali haivumiliki. Mara 31 kati ya hizo, chupa ilikuwa ya plasebo. Fikiria mtu huyo usiku, miguu inawaka, anafunga kifuniko na kusema sitaki tena, mwili umekataa. Ndani ya chupa hamna dawa ya kukataliwa. Na hakuwa akiigiza, maana hakujua ni ipi. Angeigiza kwa faida gani?

Msemaji wa "ni mawazo tu" akiiona asilimia 90 hufurahi: mnaona, dawa haina neno! Ni kweli, kwa watu wale sehemu kubwa ya lawama haikuwa ya dawa. Ila akubali na upande wa pili wa hesabu yake. Kumeza kidonge unachokihofia kulikaribia kuongeza mateso maradufu. Hofu iliyofanya hivyo huwezi kuiita si kitu. Kisha walipoonyeshwa rekodi zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye statini. Kumbuka ni watu walioshaapa kuachana nazo.

Kwamba kuna kinachotendeka mwilini, tumelijua zamani. Mwaka 1978, San Francisco, Jon Levine na wenzake walifanya jaribio kwa watu waliong'olewa magego ya mwisho. Waliopata nafuu kwa plasebo walichomwa naloksoni, dawa inayozuia mofini na pia vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea. Maumivu yakarudi juu. Kama nafuu ile ilikuwa porojo, naloksoni ilizuia nini?

Sasa niwageukie wanaoimba kwamba ukiamini utapona, kwa sababu hao hunitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Boston waliwapitisha wagonjwa wa pumu kwa zamu kwenye pampu yenye dawa, pampu isiyo na dawa, akyupankcha (tiba ya kuchomwa sindano nyembamba) ya kuigiza, na kukaa bila tiba. Kwa dawa, hewa wanayoweza kupuliza kwa sekunde moja iliongezeka asilimia 20. Kwa hayo mengine yote, kama asilimia 7. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, pampu ya kweli ilileta nafuu ya asilimia 50, ya uongo 45, akyupankcha 46, na kukaa bila tiba 21. Yaani mtu anajisikia vizuri huku mirija ya hewa imebana vilevile. Kwa mwenye pumu, nafuu ya namna hiyo inaweza kumchelewesha kutafuta msaada.

Kwa saratani ni hivyohivyo. Mwaka 1989 David Spiegel wa California alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokutana kwenye vikundi vya kufarijiana, waliishi wastani wa miezi 36.6, na wasiokutana miezi 18.9. Dunia ilishangilia. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2001, lenye wanawake 235, halikuona nyongeza ya siku za kuishi. Spiegel mwenyewe alirudia, na mwaka 2007 akachapisha kwamba kwa jumla vikundi havikurefusha maisha. Heshima kwake. Ila katika lile la 2001, wanawake wa vikundini walisononeka pungufu kuliko wenzao, na maumivu waliyasikia pungufu. Uvimbe haukusikiliza, mwenye uvimbe alisikiliza. Anayemwambia mgonjwa kama huyo kwamba angeponea imani anamtwisha kosa la kifo chake mwenyewe.

Kinachobaki kigumu ni kazi ya daktari. Lazima amwambie mgonjwa madhara ya dawa, hiyo ni haki yake, na kule kumwambia kunaweza kuyaleta. Anaweza kuanza na upande wa pili wa hesabu, kwa mfano kwamba katika watu 100 wanaoitumia, 95 hawapati tatizo hilo, badala ya kutaja watano wanaolipata. Ni ukweli uleule. Kisha mgonjwa anafika nyumbani, anafungua boksi, anakunjua ile karatasi ndefu yenye maandishi madogo, na kuanza kusoma.