Mkulima haondoki kwenye mizani. Na sisi wa maabara?

Msimu wa korosho ukifunguliwa hapa Mtwara, mkulima haondoki kwenye mizani. Anasimama ghalani mpaka namba itulie, maana kilo ikipotea ni hela yake. Ndiyo maana kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo halali, imetuuma miaka yote. Sasa inanisumbua kwamba maabara, ambako kinachopimwa ni damu ya mtu, tunapokea mashine ya kunyonya sampuli bila kuuliza: inajuaje kwamba imenyonya kiasi tulichoiagiza?

Tunazungumzia vipimo vidogo mno. Tone la kawaida la maji lina kama mikrolita 50, na mikrolita moja ni sehemu moja ya milioni ya lita. Mashine nyingi hutumia mikrolita chache tu kwa kipimo kimoja, na jicho haliwezi kuona kama zimepungua.

Katika maabara moja niliyowahi kufanya kazi, asubuhi moja sukari za wagonjwa watatu zilitoka chini mfululizo. Daktari akapiga simu: mgonjwa wa kwanza amekaa kitandani anakula uji, vipi sukari iwe hivyo? Tulipofungua mashine tukakuta povu juu ya seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Ncha ya mashine ile inapitisha umeme, na ikishuka hutambua imegusa kimiminika kwa jinsi chaji inavyobadilika. Tatizo ni kwamba povu linaweza kuidanganya. Ilisimama kwenye povu, ikavuta hewa nyingi na seramu kidogo, ikaandika majibu bila kutoa onyo lolote. Nilirudi kumtoa damu upya yule mgonjwa, na sikujua nimwambie nini.

Kihisi cha shinikizo kingeligundua kosa lile palepale. Hukaa kwenye njia ya hewa juu ya ncha na kufuatilia shinikizo tangu mashine inapoanza kuvuta. Seramu ikipanda, shinikizo hushuka kwa mkunjo unaojulikana. Ikivutwa hewa, halishuki sana. Bonge la damu likiziba ncha, hushuka kupita kiasi na halirudi, mashine inasimama na kukuita. Kwangu mimi, mashine ya damu isiyo na kihisi hiki isinunuliwe, hata bei ikivutia.

Na kihisi peke yake hakitoshi, kwa sababu nacho huchakaa. Mizani nyeti ndiyo shahidi: mikrolita 100 za maji huwa na uzito wa karibu miligramu 100. ISO 8655, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kupima ujazo kwa kunyonya, kinataka joto la chumba cha upimaji huo libaki ndani ya mipaka iliyowekwa, na Februari ya huku bila kiyoyozi inaweza kuivuka. Fedha ya kiyoyozi cha chumba hicho naidai kwa sauti ileile ninayodai fedha ya vitendanishi, yaani kemikali za vipimo.

Siku hizi kila Jumatatu, kabla ya sampuli ya kwanza, tunaiagiza mashine mikrolita 100 za maji mara kumi, tunazipima kwenye mizani na kuandika daftarini. Jumatatu iliyopita wastani ulitoka miligramu 96. Tukaisimamisha mashine, tukaifungua, na kukuta mpira wa kuzuia hewa umepasuka.