Aliyeua 25 na aliyekaa kwenye duara

Jumamosi jioni, kwenye banda moja la gemu hapa Ngamiani, vijana watano walikuwa wamebanana kwenye benchi, simu zao zikichajiwa kwa ekstensheni iliyolala sakafuni. Walikuwa wakicheza gemu ya bunduki, watano kwa watano, ile mechi ya kushika eneo: pointi za timu zinapatikana kwa kukaa ndani ya duara, na kuua peke yake hakuongezi kitu. Wakashinda. Jedwali la mwisho lilipotokea, macho yote yakaenda kwenye safu ya mauaji. Mmoja ameua 25. Mwingine, kijana mkimya aliyekaa mwisho wa benchi, ameua 6 na kufa mara 14.

"Mgosi, leo tumekubeba," akaambiwa.

Hakujibu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake mechi nzima, nikiangalia kioo chake. Wenzake walipokuwa wakiwinda huko pembeni, yeye ndiye aliyekuwa akiingia kwenye duara. Anafia mle, anarudi, anaingia tena. Pointi nyingi zilizowapa ushindi zilipatikana yeye akiwa ndani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mchezaji wa timu apimwe kwa lipi? Kwa timu yake kushinda, au kwa alichofanya yeye?

Wanaotetea matokeo wana msingi wa siku nyingi. Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kufundisha Marekani, alitengeneza hesabu ya kupima wachezaji wa sataranji, na shirikisho la dunia la mchezo huo, FIDE, likaipokea mwaka 1970. Haiangalii ulichezaje. Inaangalia ulimfunga nani. Ukimzidi mpinzani pointi 400 za kiwango, unatarajiwa kuvuna takriban pointi 10 za mechi kwa kila moja atakayovuna yeye. Ukifungwa naye, unashuka sana. Ila kwenye sataranji wanakaa wawili tu, na ushindi una mwenyewe. Kwenye timu ya watano, ushindi huo huo anagawiwa hata aliyelala.

Ndipo upande wa pili unapodai kila mtu aangaliwe peke yake, na dai hilo si la kubeza. Microsoft waliunda TrueSkill kwa ajili ya gemu za Xbox. Humo kila mchezaji ana namba mbili: kiwango anachokadiriwa kuwa nacho, na shaka iliyopo juu ya kadirio hilo. Mgeni anaanza na kadirio la 25 na shaka ya 8.33, na kwa kuwa kiwango cha kuonyeshwa hupatikana kwa kutoa shaka hiyo mara tatu, anaanzia 0. Kadiri anavyocheza, shaka inapungua. Mwaka 2018 wakatoa TrueSkill 2, inayotazama pia mauaji na vifo vya mtu, kama amekuja na kikosi cha marafiki, na kama ana tabia ya kukimbia mechi. Walipoujaribu mfumo huo kwa mechi zilizokwisha kuchezwa, ulibashiri mshindi kwa usahihi wa 68%, wakati ule wa kwanza uliishia 52%. Hiyo 52% haijapishana sana na kurusha sarafu.

Kwa namba hizo ningeweza kukubali yaishe. Kinachonizuia ni wachezaji wenyewe. Ukishamwambia mtu anapimwa kwa nini, atacheza kwa ajili ya hicho. Kwenye Overwatch, gemu ya Blizzard, pointi za ushindani zilikuwa zikiongezwa au kupunguzwa kwa kutazama pia takwimu za mtu binafsi. Mwanzoni mwa 2018 waliliondoa hilo kwa wachezaji wa daraja la Diamond kwenda juu, wakabakiza kushinda na kushindwa, maana mtu alikuwa anachunga namba zake wakati mechi inapotea. Kule juu wanajua hesabu. Kijana wetu mkimya angepimwa kwa mauaji, wiki ijayo naye angekwenda kuwinda pembeni, na duara lingebaki tupu.

Kwa hiyo mimi nasimama na matokeo, kwa sharti moja. Kwa mgeni, mechi kumi au ishirini za kwanza, alichofanya mwenyewe kitazamwe ili asikae muda mrefu anaonea wanyonge au anaonewa. Shaka ikishapungua, apimwe kwa ushindi, na takwimu zake abaki nazo za kujifunzia.

Kusawazisha timu kuna ugumu wake pia. Chukua wachezaji watano wenye kiwango cha 1500 kila mmoja, uwapambanishe na timu yenye mmoja wa 2500 na wanne wa 1250. Jumla ni 7500 kote, wastani ni ule ule, lakini hizo si timu sawa. Mmoja hawezi kulinda sehemu tatu kwa wakati mmoja. Kwenye chandimu hata watoto wanalijua hili: manahodha wawili wanachagua kwa zamu, na aliyekwisha kupata mfungaji anatafuta kipa, hata kama kuna mfungaji mwingine bora amebaki. Kompyuta inayojumlisha namba tu haijafika hapo.

Mtandao nao umo ndani ya kipimo, tupende tusipende. Jioni bando linapokuwa zito, risasi yako inafika adui ameshapita, na pointi zinakatwa kana kwamba ulilenga vibaya. Mfumo haujui kutenganisha mkono wako na mnara wa simu.

Yule kijana nilimkuta tena juzi. Wenzake walikuwa wanapanga kikosi, na wa 25 ndiye aliyekuwa akichagua. Alimwita wa pili.