Tagi zilizoanikwa kwenye Firefox: nani wa kulaumiwa?

Fungua kwa Chrome mlisho wa RSS (faili la XML ambalo tovuti hutumia kutangaza makala zake) uliovishwa laha ya mtindo ya XSLT (lugha ya kugeuza XML kuwa ukurasa), utaona ukurasa unaosomeka: aya zimepangwa, viungo vinabofyeka, picha zipo mahali pake. Fungua mlisho huohuo kwa Firefox, na kama aliyeandika laha ametumia njia ya mkato inayojulikana na wengi, utakuta tagi za HTML kama `<p>`, `<br>` na `<a href="…">` zimeanikwa katikati ya sentensi. Kwa miaka mingi lawama zimeenda upande mmoja. Chrome inaweza, Safari inaweza, hata Internet Explorer ya zamani iliweza; Firefox imekwama wapi?

Haikukwama, ilikataa. Na ukichungulia kilichomo ndani ya mlisho wenyewe, ni vigumu kusema ilikosea.

Njia ya mkato ninayoizungumzia ni sifa ya `disable-output-escaping`. Ndani ya RSS, HTML ya makala haikai kama vipengele vya XML. Inakaa kama maandishi: ama alama zake zimefunikwa (zimeandikwa kwa misimbo ili zisisomwe kama tagi), `<p>` ikawa `&lt;p&gt;`, ama zimezungushiwa CDATA (uzio unaoiambia XML isome kilichomo kama maandishi tu) kama WordPress inavyofanya kwenye `content:encoded`. Kwa kichanganuzi cha XML hizo mbili hazina tofauti, zote zinazaa mfuatano wa herufi tu. Sifa hiyo inaiagiza XSLT isizifunike tena alama wakati wa kuandika matokeo. Kivinjari kinazisoma upya, na aya inapatikana.

Mbinu hii inafaulu kwenye Chrome na Safari kwa sababu ya jinsi zilivyoundwa. Zote zinategemea maktaba ya libxslt: matokeo yanaandikwa kwanza kama mfuatano mmoja mrefu wa herufi, kisha yanachanganuliwa kama ukurasa mpya. Firefox haina hatua hiyo ya kati. Injini yake, TransforMiiX, inapokea mti wa XML na kujenga mti wa DOM (muundo wa ukurasa ndani ya kivinjari) moja kwa moja. Hakuna mahali ambapo matokeo yanaandikwa, kwa hiyo hakuna cha kuacha kufunika. Kanuni nazo ziko upande wake. XSLT 1.0 ya Novemba 1999 inasema wazi kwamba programu hailazimiki kuikubali sifa hii, na inaonya itumike pale tu ambapo hakuna namna nyingine. XSLT 2.0 ya mwaka 2007 ikaihesabu miongoni mwa mambo yanayopaswa kuachwa.

Wanaolalamika wana hoja, tena si ndogo. Msomaji hana habari na miti wala mifuatano, anachojua ni kwamba ukurasa umeharibika. Ukiwaambia wahamie Atom (aina nyingine ya mlisho, RFC 4287 ya Desemba 2005), ambako `type="xhtml"` inaruhusu HTML ikae kama vipengele halisi ndani ya `div` na amri ya XSLT ya `xsl:copy-of` ikaihamisha salama katika kila kivinjari, watakujibu kwamba XHTML, yaani HTML iliyoandikwa kwa kanuni kali za XML, haina msamaha. `<br>` moja isiyofungwa, au `&nbsp;` iliyoachwa na kihariri cha makala, inatosha kuufanya mlisho wote usisomeke, si makala hiyo peke yake. Anayeendesha tovuti ya habari hawezi kuulinda usafi wa kila kinachobandikwa na waandishi wake. Kufunika alama kulibuniwa kwa ajili ya mtu huyo, na si haki kumwita mvivu.

Ila RSS 2.0 ina tundu ambalo njia ya mkato inalipitia bila kulitazama. Inaruhusu HTML iliyofunikwa ndani ya `description`, lakini haikuweka alama yoyote ya kueleza kama kilichomo ni HTML au ni maandishi matupu. Kwenye `title` hali ni mbaya zaidi. Chukua makala ya kufundisha yenye kichwa “Tofauti ya <b> na <strong>”. Mwandishi mwangalifu anafunika alama mara moja, kama XML inavyodai. Firefox inaonyesha kichwa kilekile alichokusudia. Mwenye laha aliyetumia njia ya mkato hata kwenye vichwa anapata “Tofauti ya na”, na kwa kuwa tagi hizo mbili hazikufungwa popote, ukurasa wote uliobaki unakolea wino. Katika mfano huu Chrome ndiyo iliyokosea, ila kosa lake halina kelele. Tagi zilizoanikwa zinamfikia mwenye tovuti kwa malalamiko. Neno lililotoweka, nani ataliulizia?

Na huo ni mfano mpole. Milisho mingi haibebi makala nzima, inabeba muhtasari uliokatwa baada ya idadi fulani ya herufi, na programu inayokata haiangalii inakata wapi. Kisu kikiangukia katikati ya `<a href="https://…`, alama ya kunukuu inabaki wazi. Kwa kuwa njia ya mkato inaunganisha kila kitu kuwa mfuatano mmoja kabla ya kuchanganua, alama hiyo inameza kila inachokikuta mpaka ifike kwenye alama nyingine ya kunukuu, ambayo huenda iko kwenye kiungo cha makala inayofuata. Kiungo hicho kinakufa. Ikikatwa baada ya `<!--`, makala zote zilizo chini yake zinaweza kupotea kabisa, na chanzo cha RSS kikabaki sahihi mia kwa mia kwa kila kipimo cha XML. Kosa la makala moja linavuka mpaka na kuharibu za jirani. Kwenye mti jambo hilo haliwezekani: maandishi yanabaki ndani ya kifundo chake (tawi lake kwenye mti), hata yakiwa na tagi za kuchukiza macho.

Usalama hutajwa sana katika mjadala huu, na nadhani kupita kiasi. Mlisho wako ukiwa kwenye tovuti yako na makala ni zako, hatari iliyopo ni ileile ya kurasa zako nyingine. Mambo yanabadilika ukikusanya milisho ya watu wengine na kuitoa kwa jina lako, kwa sababu hapo unafunua alama zilizoandikwa na mtu usiyemjua.

Walioshindwa kuisubiri Firefox walijitengenezea kiraka: msimbo mfupi wa JavaScript unaopita kwenye kila makala baada ya XSLT kumaliza kazi, unachukua maandishi na kuyaingiza upya kama HTML kupitia `innerHTML`. Kinachukuliwa kama aibu, lakini kwa maoni yangu kina nidhamu kuliko sifa kinachoiziba. Kila makala inachanganuliwa peke yake ndani ya kipengele chake, hivyo nukuu iliyokatwa haivuki. Tagi za `script` zinazoingia kwa njia hiyo hazitekelezwi, ingawa `onerror` kwenye picha (msimbo unaoendeshwa picha ikishindwa kufunguka) inatekelezwa, na ndiyo sababu ya kupitisha kwanza kila kitu kwenye kisafishaji kama DOMPurify.

Kiraka hicho kinaelekea kuwa nguo yenyewe. Mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba Chrome itaachana na XSLT, na ikataja toleo la 155, Novemba 2026. Wanaotaka mlisho wao uendelee kusomeka ndani ya kivinjari watalazimika kuusoma kwa JavaScript au kutengeneza ukurasa wa HTML kwenye seva. Kwenye JavaScript hakuna sifa ya kujificha nyuma yake. Kila sehemu ya mlisho inakudai uchague kati ya `textContent`, inayoonyesha maandishi kama yalivyo, na `innerHTML`, inayoyasoma kama HTML, na RSS haitakusaidia kuchagua. Mimi ningeweka kichwa kwenye `textContent` bila kusita, na muhtasari kwenye `innerHTML` baada ya kuusafisha. Mwenye mlisho atakayelalamika kwamba kichwa chake kinaonyesha `<em>` ahamie Atom, aandike `type="html"`.