Kujaribu vifurushi vya Debian bila sudo

Kifurushi cha programu cha Debian, mfumo endeshi wa Linux, kinaposakinishwa, hati zake za amri kama postinst (inayoendeshwa baada ya usakinishaji) huendeshwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mwenye uwezo wote. Kwa hiyo autopkgtest, programu inayojaribu vifurushi kiotomatiki, huhitaji mazingira yenye root. Je, ni lazima awe root yule yule anayetawala kompyuta yako?

Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Watu walitumia schroot au LXC, zana za kuendesha programu ndani ya kontena au mazingira yaliyotengwa, mara nyingi kwa sudo, amri inayompa mtumiaji mamlaka ya root. Wengine walijiunga na kundi la watumiaji wa Docker, zana nyingine ya kontena, wakidhani wameikwepa root, kumbe mwanachama wa kundi hilo anaweza kupachika diski nzima ya kompyuta ndani ya kontena na kuandika popote. Hiyo ni root kamili, na inasikitisha kuona miongozo ikiipendekeza bila onyo.

Kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 3.8, iliyotoka 2013, ilifungua njia nyingine: mtumiaji wa kawaida hupewa eneo lake ambamo anahesabiwa kuwa root, ilhali nje habadiliki. Faili ya /etc/subuid humtengea namba za utambulisho, kwa kawaida 65,536. Podman isiyo na root, zana ya kontena, hutumia njia hii, na autopkgtest nayo inaiunga mkono kupitia unshare, hali yake ya kujaribu ndani ya eneo kama hilo. Zana ya mmdebstrap huunda mfumo mdogo wa Debian bila sudo, na postinst mbovu ikifuta /etc, inafuta ya humo tu.

Wanaopinga wana hoja nzito. Root wa ndani hufikia sehemu za kerneli ambazo zamani mtumiaji wa kawaida hakuzigusa, kama kupachika mifumo ya faili na kupanga kanuni za mtandao. Udhaifu wa kerneli uliosajiliwa kama CVE-2022-0185 na ule wa CVE-2024-1086 ulitumiwa kupitia mlango huo. Debian iliuacha umefungwa hadi toleo la 11, mwaka 2021, na Ubuntu 24.04 imeubana kwa AppArmor, mfumo wa kuzuia yale ambayo programu inaruhusiwa kufanya.

Kwenye kompyuta ya msanidi mmoja, hata hivyo, hoja hiyo hainishawishi. Ukiufunga mlango, atarudi kwenye sudo, na hapo hati yenye nia mbaya haihitaji hata udhaifu wa kerneli. Seva ya watu wengi ni suala tofauti: huko ningeufunga na kutumia QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima yenye kerneli yake, ambayo kwa kasi nzuri inahitaji ruhusa ya /dev/kvm tu. Inakula kumbukumbu zaidi, lakini kerneli inayojaribiwa si ya seva.

Kinachonitia wasiwasi zaidi hakizungumzwi sana. Jaribio lililoandikiwa isolation-machine, alama ya kwamba linahitaji mashine kamili, kwa mfano linalowasha upya mfumo, halifanyiki ndani ya kontena, linarukwa. autopkgtest hulisema hilo inapomaliza kwa msimbo 2, au 8 ikiwa majaribio yote ya maana yamerukwa. Mitambo mingi ya majaribio huandikwa ili ihesabu misimbo hiyo kuwa mafanikio, kisha kifurushi cha huduma nyeti kinapita bila kuwashwa hata mara moja. Anayehama kutoka sudo kwenda unshare aorodheshe kwanza majaribio yanayorukwa, na hayo ayapeleke QEMU.