Mtoto anafunga choo: kipimo cha mgandamizo kinaonewa

Mwambie daktari wa upasuaji wa watoto kwamba kipimo cha mgandamizo wa njia ya haja kubwa kimeonyesha mtoto hana ugonjwa wa Hirschsprung, naye atakuuliza papo hapo: kinyama kinasemaje? Kwake, mpaka kipande cha ukuta wa puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, kikatwe na kusomwa kwa darubini, hakuna kilichosemwa. Simlaumu. Ugonjwa huu humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa, wavulana zaidi, na chanzo chake ni seli za neva ambazo hazikufika mwisho wa utumbo mpana. Sehemu hiyo hubaki imekaza, choo kinarundikana juu yake, tumbo linavimba, na utumbo ukipata maambukizi mtoto anaweza kufa. Nani atataka kumrudisha nyumbani mtoto wa namna hiyo eti kwa sababu mstari kwenye skrini ulishuka?

Lakini hoja hiyo imekifanya kipimo chenyewe kidharauliwe, kama kitu cha kupitishia muda huku majibu ya patholojia, yaani ya kinyama kilichosomwa maabara, yakisubiriwa. Tazama kinavyofanya kazi. Mrija laini wenye puto dogo mbele unaingizwa kwenye puru, na vihisi vyake vinakaa usawa wa msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Puto linatiwa hewa, kwa mtoto mchanga mililita chache tu. Puru ikihisi kujaa, msuli wa ndani hulegea wenyewe bila mtoto kuamua, na mstari wa mgandamizo hushuka kisha hupanda taratibu hadi ulipokuwa. Mwenye Hirschsprung hana mwitikio huo: hewa inaongezwa, mstari haushuki. Hakuna kisu wala damu, na mtoto mchanga kwa kawaida hahitaji dawa ya usingizi. Akishanyonya akasinzia, hapo ndipo kipimo hutoka vizuri.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na madaktari wa Uholanzi mwaka 2006 yalikuta kwamba katika kila wagonjwa 100, kipimo hiki hunasa 91 na kinyama 93. Katika kila 100 wasio wagonjwa, kipimo huwasafisha 94 na kinyama 98. Eksirei ya dawa inayopitishwa njia ya haja kubwa ilibaki nyuma sana: 70 na 83. Wengi husoma namba hizo wakaishia kusema kinyama kimeshinda. Kimeshinda, ndiyo, lakini zipigie hesabu. Chukua watoto 1,000 waliopelekwa hospitali ya rufaa kwa kufunga choo, na tuseme 100 kati yao ni wagonjwa kweli. Kipimo kitawashika 91, na kitawashuku bure 54. Waliobaki ni 855, ambao kitawaambia hawana ugonjwa, na kati yao kitakuwa kimewakosea 9. Maana yake, kikisema mtoto anaumwa, zaidi ya theluthi ya watoto hao wamesingiziwa. Kikisema haumwi, kinakosea mara moja katika kila watoto 95. Jibu lake la "hapana" ni la kuaminika, la "ndiyo" ni la kuhojiwa, na wa kukatwa kinyama wamebaki 145 badala ya 1,000. Wale 9 wananisumbua, sitaficha. Ila kinyama nacho, kwa namba hizohizo, kingewakosa 7.

Na kinyama hakipatikani bure. Kinachovutwa kwa kifaa cha kufyonza mara nyingine hutoka chembamba mno, kikakosa tabaka ambamo seli hizo hutafutwa, na mtoto akarudishwa mezani. Pasipo na kifaa hicho, hukatwa unene wote wa ukuta kwa mtoto aliyelazwa usingizi. Kisha anahitajika mwanapatholojia, ambaye katika mikoa mingi ya Tanzania na kaunti nyingi za Kenya hayupo. Sampuli inasafirishwa, mama anabaki wodini, mtoto anaendelea kuoshwa utumbo kwa maji ya chumvi.

Hoja nzito ya wapinzani, kwangu, iko kwenye mikono ya mpimaji. Mtoto akilia, misuli ya nje inakaza, mrija unasogea, na mstari unakuwa hausomeki. Mtoto mkubwa aliyefunga choo miaka mingi puru yake imetanuka. Hewa inayomtosha mwenzake yeye hata haisikii, na mpimaji mwenye haraka ataandika kwamba mwitikio haupo. Baadhi ya dawa za usingizi huulegeza msuli kabla hata puto halijajazwa. Tena wapo watoto ambao mwitikio haupo kweli, ilhali seli za neva zipo. Ndiyo maana hospitali yenye fedha za kitu kimoja tu ningeishauri ianze na maabara ya patholojia, maana bila hiyo wale 145 hawana pa kwenda.

Wala asipimwe kila mtoto. Karibu 95 katika 100 wanaofunga choo hawana hitilafu yoyote ya utumbo. Wa miaka minne ambaye choo kigumu kilimuuma siku moja akaanza kujibana, huyo anataka dawa ya kulainisha choo na kukalishwa chooni kila baada ya kula. Mashine haitambadilishia matibabu. Mchanga anayetapika nyongo na tumbo limetuna apelekwe moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji. Wa kupimwa ni yule wa katikati: choo cheusi cha kwanza kilichelewa kupita siku mbili, mama anasema hajawahi kumuona akipata choo bila kutiwa kipande cha sabuni au enema, na kilo hazipandi.

Huyo akipimwa, ripoti iseme hewa ilifikishwa mililita ngapi, kama mtoto alikuwa ametulia, na kama alipewa dawa yoyote. Isiyosema hayo ningeirudisha kwa mpimaji, hata kama imeandikwa kwamba mwitikio upo.