Shangingi na mkonga ni vitu viwili

Kuna neno moja lililoharibu mjadala wa magari makubwa hapa Tanzania, nalo ni shangingi. Kwanza lilikuwa la mwanamke wa mjini anayejikwatua na anayejua kona zote. Kisha likahamia kwenye Land Cruiser VX za wakubwa serikalini, zile zenye namba za STK na STL, dereva kalala kwenye kiti huku kiyoyozi kinaunguruma nje ya ukumbi wa semina. Tangu hapo mtu akinunua gari kubwa la mtumba, hata liwe na miaka 25 na bodi yenye viraka, ataulizwa: wewe na mashangingi wapi na wapi?

Nyumbani kwetu swali hilo liliulizwa mwezi uliopita, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba wangu, mnunuzi wa mpunga huko Mpanda, mkoani Katavi, alitangaza kwamba anataka kununua Land Cruiser ya mwaka 1999 yenye injini ya dizeli ya 1HZ na mkonga wa kuvutia hewa juu ya paa, ile alama ya gari la kazi, kutoka mradi mmoja uliokuwa unafunga ofisi. Mwanawe wa kwanza, mfanyakazi wa benki Dar es Salaam na mwenye Toyota IST, kigari kidogo cha petroli, alijibu hata dakika haijaisha: "Shikamoo baba. Hilo gari litakula mpunga wote." Kisha akatuma hesabu.

Hesabu yenyewe haikuwa ya kijinga. Chukua kilomita 1,500 kwa mwezi. IST ikienda kilomita 14 kwa lita, inataka lita 107. Land Cruiser ikienda 7 kwa lita, inataka 214. Weka lita moja shilingi 3,000, ili tusibishane na tangazo la bei za mafuta la EWURA la kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tofauti ni kama shilingi 321,000 kwa mwezi, karibu milioni 3.9 kwa mwaka. Hapo hujagusa matairi, wala oil ya injini inayokwenda karibu lita 10 kwa sevisi moja wakati IST inatosheka na nne hivi.

Binamu alikuwa na hoja nyingine ambayo sisi wapenzi wa magari haya huwa tunaikwepa. Magari mengi ya dizeli yaliyotoka Japani hayakupanda meli kwa sababu yamechoka. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli. Mwaka 2001 sheria ya taifa ikarekebishwa, ikafanya magari ya dizeli yasiyofikia viwango vya moshi yasiweze tena kusajiliwa katika maeneo ya Tokyo, Osaka na Nagoya. Gari zima, limetunzwa, likawa halina pa kukaa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2020, lilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika kuuzwa nje kati ya 2015 na 2018 kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 80 hivi yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, Afrika ikiongoza kwa kupokea. "Walichokataa kuvuta wao, tunavuta sisi," aliandika binamu. Hapo sikuwa na jibu zuri, na bado sina. 1HZ ikipanda kilima na mzigo inatoa moshi mweusi, na hakuna kichujio chochote kati ya moshi huo na mtoto anayetoka shule kwa miguu.

Ila hesabu ya binamu ina kilomita ndani yake, haina siku. Barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nchi nzima zinazidi kilomita 140,000, na zenye lami ni sehemu ndogo sana. Mpunga wa Katavi hauoti kando ya lami. Unaota mbugani, kwenye udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unageuka gundi. Mwaka jana mjomba alikuwa na Toyota Noah. Mwezi Machi ilizama hadi milangoni, akalala nayo usiku mbili, na aliyemvuta kwa trekta alitaja bei akiwa bado kwenye usukani, kwa sababu alijua hakuna mwingine. Magunia 14 ya mpunga yalilowa. Thamani ya magunia hayo peke yake ilipita tofauti ya mafuta ya miezi mitatu ambayo binamu aliipigia mstari mwekundu. Na Noah yenyewe haikurudi kuwa ile. Bushi, shokapu, sampo iliyobonyea, kila mwezi fundi ana lake.

Kisha kuna dizeli yenyewe. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini dizeli inayotoka bandarini safi inaweza kufika kijijini ndani ya madumu yaliyokuwa na mafuta ya taa, ikapimwa kwa chupa na kumiminwa kwa faneli ya kopo. Ukiiweka kwenye Hilux au Prado yenye injini ya D-4D, ambayo nozeli zake zinafanya kazi kwa mgandamizo mkubwa na kuamriwa na kompyuta, unachezea milioni kadhaa. Mafundi wanaijua sana ile 1KD ya lita 3.0: nozeli zikianza kuvuja na mwenye gari akaendelea tu, hatimaye pistoni inapasuka. 1HZ haina kompyuta ya kuamuru mafuta. Ni silinda sita, lita 4.2, haina tabo, pampu yake ni ya chuma na springi, na nguvu zake ni za farasi 130 hivi, chini ya baadhi ya magari madogo mapya ya kisasa. Hiyo ndiyo sifa yake. Haikimbii, haiombi sana, na kijana aliyejifunza ufundi chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuifunga ikawaka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema umri wa gari ndio ugonjwa. Prado ya miaka sita yenye nozeli zilizokufa, ikiwa kilomita 200 kutoka kwa mwenye mashine ya kuzipima, ni gari bovu kuliko 1HZ ya miaka 25 ambayo mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 bila kukosa. Wakenya walishaamua vingine, hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Waganda mwaka 2018 waliweka mpaka wa miaka 15. Sababu zao nazielewa, hasa kwa Nairobi na Kampala ambako moshi wa foleni unaukata kwa kisu. Kwa mtu wa Turkana au Karamoja, sheria hizo zinamsukuma kwenye gari changa lenye kompyuta ambalo hana fundi wake.

Sisi Tanzania hatukuweka marufuku, tuliweka kodi, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo gari la kazi linapoonewa. Chukua gari la abiria lenye injini kubwa, limefika bandarini na thamani ya 100, iwe dola, iwe milioni, vyovyote. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tumefika 125. Injini ikizidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, na gari likizidi miaka 10 kuna nyongeza ya asilimia 30 ya uchakavu. Zote mbili zinapigwa juu ya 125, siyo juu ya 100. Jumla yake ni 50, tumefika 175. Juu ya hapo inakuja VAT ya asilimia 18, yaani 31.5. Gari la 100 sasa ni 206.5, na bado tozo ndogondogo na usajili. Umenunua gari moja na kulipia kodi gari zima na ushee.

Gari lile lile lingekuwa na miaka saba, bila ile nyongeza, lingeishia 162.25. Ile asilimia 30 inayosomeka ndogo kwenye jedwali imezaa 44.25, kwa sababu kodi imepandishwa juu ya kodi. Na hiyo 100 yenyewe siyo lazima iwe ile uliyolipa Yokohama. TRA, mamlaka ya mapato, wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na ukinunua kwa bahati mnadani, bahati hiyo haivuki geti la bandari. Lengo la nyongeza lilikuwa kutukinga na uchafu wa wengine, na kwa hilo siligombi. Ninachogomba ni kwamba kodi inauliza una miaka mingapi na una cc ngapi, haiulizi moshi wako ukoje. VX ya V8 inayopeleka watoto shule Masaki ikiwa na miaka saba inaikwepa nyongeza. Dizeli kuukuu inayohesabiwa gari la abiria, hata ikibeba mpunga, inalipa yote.

Matokeo yake ni soko la ndani. Kwa kuwa kodi hulipwa mara moja na kuzama ndani ya bei, Land Cruiser iliyokwisha kulipiwa haishuki thamani kirahisi. Jirani yetu alinunua hardtop mwaka 2014, akaiuza 2021 kwa shilingi zaidi ya alizoinunulia. Ukitoa kushuka kwa shilingi hakupata faida, lakini tafuta mwenye IST aliyewahi kusema hivyo. Binamu hakuiweka hii kwenye hesabu. Nilipomwuliza alijibu kwa emoji ya mtu anayekuna kidevu.

Basi tukaenda kuliona gari, mimi, mjomba na fundi wake, mzee mmoja mfupi asiyependa maongezi. Lilikuwa jeupe, milango bado ina gundi ya nembo iliyobanduliwa, namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili. Mita ilisoma kilomita 148,000. Fundi hakuitazama. Alifungua mlango wa dereva akainama, akapapasa kwa kidole mpira wa pedali ya breki: umelika hadi chuma kinaonekana kwenye kona. Akagusa usukani upande wa kulia, laini kama sabuni. "Hili limeona laki nne," alisema. Akawasha injini, akafungua kifuniko cha oil huku inazunguka, akakilaza kikiwa kimegeuzwa juu ya tundu. Kifuniko kilitikisika kidogo, hakikuruka. Akanusa moshi uliotoka pale, akasema pistoni bado zinabana. Kisha akalala chali chini ya gari kwa dakika kumi. Alipotoka alikuwa na habari mbili. Giaboksi na difu ni kavu, hakuna kuvuja. Chesisi, nyuma ya tairi la mbele la kushoto, ina welding iliyopakwa rangi nyeusi juu.

Ya tatu tuliipata ofisini. Magari ya miradi huingia kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo haumfuati mnunuzi binafsi. Bei waliyotaja, ambayo kwenye simu ilimfanya mjomba aimbe, ilikuwa bila kodi. Wengi wananaswa hapa. Mtu analipa, analiendesha hadi kwao kwa furaha, halafu kadi haibadiliki jina mpaka TRA walipwe kwa thamani watakayoipanga wao. Mwaka mzima gari linalala chini ya turubai.

Upande wa pili sasa niupe haki yake, kwa ufupi. Mtu wa Sinza anayenunua VX ya petroli ya lita 4.7 kwa sababu bei imeshuka, naungana na binamu kumkataza. Bei imeshuka kwa sababu walioitumia wameshapiga hesabu ya wese. Yenye springi za maji, zile za kupanda na kushuka kwa swichi, mkimbie muuzaji wake hata akuongezee redio. Prado na Surf za 1KZ nazo zikipata joto hupasua silinda hedi, na muuzaji atakuambia rejeta ilibadilishwa juzi tu kama zawadi. Na kwa anayeishi kwenye lami na kwenda kijijini Desemba peke yake, kukodi gari siku kumi ni nafuu kuliko kulilisha mwaka mzima. Hawa ndio wanaolifanya jina la shangingi liishi, na wako wengi kuliko akina mjomba. Ndiyo maana ni rahisi kwa aliyeko mjini kudhani wenye magari haya wote ni wa namna hiyo.

Mjomba hakulinunua lile. Moshi na mafuta hayakumsumbua, na kodi alikuwa tayari kuijadili. Kilichomshinda ni ile welding. Fundi alimwambia chesisi iliyokatika na kuungwa itabeba watu, magunia haitabeba. Sasa anafuatilia pikapu ya kabini moja, 1HZ ile ile, iliyosajiliwa zamani kwa namba ya kawaida ya T, kwa mwenye mashine ya kukoboa huko Namanyere. Bei yake iko juu kuliko ya lile la mradi. Juzi binamu alimpigia baba yake kwa faragha. Mjomba anasema safari hii hakuuliza lita, aliuliza tu kama nyuma pana nafasi ya kulaza pikipiki yake atakapokuja likizo.